Nimeiona pembetatu, sasa nifanye nini?

Suala: Assalamu alaykum, Maalim. Nina leseni ya miezi mitatu. Gari nilijifunzia mjini Unguja, na mtihani wa alama za barabarani nilipita bila ya kukosa hata moja. Sasa nimehamishiwa kazi Wete, Pemba, na karibu kila siku naendesha kwenda Chake Chake na kurudi. Tatizo langu ni kuwa picha nazijua lakini nikiwa barabarani hazinisaidii. Naona pembetatu ya kona, sijui nipunguze mpaka wapi. Mara nyengine napunguza, hatari yenyewe siioni, na wa nyuma yangu ananipigia honi. Mara nyengine hatari ipo na alama hakuna. Lipo tuta karibu na skuli, limeshanirusha mara mbili. Kuna namna ya kuzisoma alama hizi ambayo sikufundishwa?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Namna ipo, na kosa si lako. Ni letu sisi walimu. Tunamkalisha mwanafunzi mbele ya chati, tunaelekeza kijiti: "Hii nini?" "Kona ya kulia." "Hii?" "Mteremko mkali." Akizijibu zote tunampeleka kwenye mtihani. Amejifunza majina. Mguu wake haujajifunza kitu, na barabarani anayejibu ni mguu.

Maumbo nayapita haraka kwa sababu unayajua. Duara ni amri: lenye ukingo mwekundu linakukataza, la buluu linakulazimisha. Mstatili unakupa taarifa tu, kama hospitali iko wapi au mji gani uko mbele. Pembetatu yenye ncha juu, ukingo mwekundu na picha nyeusi ndani, ni onyo. Halafu zipo mbili zilizopewa maumbo ya peke yao: pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini, inayokutaka umpishe mwenzako, na pembe nane nyekundu inayokusimamisha kabisa. Hizi mbili zimefanywa hivyo ili uzijue hata zikipauka, zikijaa vumbi, au ukiziona kwa mgongo. Unafika njia panda, ukaona mgongo wa pembe nane kwenye mdomo wa njia ya pembeni, unajua kuwa anayetokea kule ndiye anayetakiwa kusimama. Usimwamini kuwa atasimama, lakini unajua.

Sasa pembetatu yenyewe. Duara linakwambia fanya au usifanye. Pembetatu ya onyo haikwambii ufanye lolote. Inakupa habari kisha inakuachia mwenyewe. Ndiyo maana inakutatiza. Na habari yenyewe mara nyingi ni ya kitu ambacho wewe, pale ulipo, hukioni bado. Kingekuwa wazi, nani angeingia gharama ya nguzo na bati? Kwa hivyo unaposema "napunguza, hatari yenyewe siioni", alama imeshafanya kazi yake. Ukiiona hatari kwanza, kisha ndio ukaiona alama, hapo ndipo pana kasoro.

Umeuliza upunguze mpaka wapi. Mimi nina kanuni moja tu, nayo inatosha kwa pembetatu zote: uende mwendo utakaokuwezesha kusimama ndani ya kipande cha barabara unachokiona. Tuipigie hesabu. Ukiwa kwenye 40 kwa saa, gari inakwenda mita 11 kila sekunde. Toka jicho lione mpaka mguu ufike kwenye breki hupita kama sekunde moja na nusu, na hapo umeshakula mita 17. Breki nzuri kwenye lami kavu itakula mita 9 nyengine. Jumla 26. Sasa panda mpaka 80. Wengi hudhani jumla itakuwa mara mbili, yaani 52. Siyo. Kile kipande cha kabla ya breki huwa mara mbili, mita 33, lakini kipande cha breki huwa mara nne, mita 35 au 36. Unakaribia mita 70, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira pale Gombani, na hiyo ni lami kavu na tairi ambazo hazijawa vipara. Mvua ikinyesha, kipande cha breki kinaweza kuwa mara mbili ya hapo. Kwa Pemba, ambako barabara inapanda kilima, inateremka bondeni penye mpunga, inapinda na kupanda tena, pahala pengi unachokiona mbele yako hakifiki mita hizo 70.

Kwa hivyo ukiiona pembetatu ya kona, usijiulize "nipunguze hadi ngapi?" Angalia lami inapokatika, pale inapojificha nyuma ya migomba. Mpaka pale, naweza kusimama? Kama huwezi, ondoa mguu kwenye mafuta sasa hivi, gari ikiwa bado imenyooka. Breki zote zimalizike kabla ya kukata usukani. Mwanafunzi anayekanyaga breki katikati ya kona huwa ameichelewa alama, hata kama anaapa kuwa aliiona.

Jambo jengine ambalo chati haikufundishi: picha ya barabara iliyomo ndani ya pembetatu isome kutoka chini kwenda juu. Chini ndipo tairi zako zilipo. Ule mstari unaojinyonga kama nyoka, wa kona mbili mfululizo, ukianza kwa kupinda kushoto chini, basi kona yako ya kwanza ni kushoto, hata kama juu mstari umeelekea kwengine. Njia panda vivyo hivyo. Ukikuta mstari mmoja mnene na mwengine mwembamba, mnene ni wako, mwembamba ni wa anayetokea pembeni. Mistari ikilingana unene, usijipe haki yoyote.

Hiyo ya nyoka iliwahi kuniaibisha. Nilikuwa kijana, naendesha lori la ndizi kutoka upande wa Mkoani kuja Chake. Alama niliiona vizuri. Nikaikata kona ya kwanza kwa ufundi, nikajisifu moyoni, nikakanyaga mafuta. Nyoka alikuwa bado na pindo la pili. Kwenye pindo hilo kulikuwa na gari ya ng'ombe imejaa kuni, inapanda taratibu. Nilimkwepa mzee wa watu, nikaishia mtaroni, na mikungu ikateremka mpaka bondeni. Yule mzee hakunitukana. Alishuka, akaitazama lori, akaitazama alama kule nyuma, akasema: "Baba, si ungesubiri akamaliza kupinda?" Ng'ombe wake hata kichwa hakugeuza.

Chini ya pembetatu wakati mwengine kuna kibao kidogo cha maandishi. Wanafunzi hawakisomi. Kikiandikwa mita peke yake, kinakwambia hatari iko umbali huo kutoka hapo. Kikiwa na mshale mdogo kila upande wa namba, kinakwambia hatari inaendelea kwa urefu huo. Kona moja baada ya mita 200 na kona tupu kwa mita 200 ni mambo mawili mbali mbali.

Mteremko mkali huandikwa kwa asilimia. 10 maana yake kila mita 100 unazokwenda mbele unashuka mita 10. Milima yetu si mirefu kama ule wa Kitonga huko Iringa, ambako malori huchemsha breki mpaka zikatoa moshi. Ya kwetu ni mifupi, lakini mwisho wake bondeni mara nyingi pana kona au daraja jembamba. Dawa yake uitie juu, kabla gari haijainamisha pua. Kama gari ni ya gia, ingia gia ya chini ukiwa bado kileleni. Gari nyingi zinazoingia visiwani siku hizi ni otomatiki za Japani, na wenyewe hawajawahi kuigusa ile 2 wala L, gia za chini, tangu wainunue. Iguse. Injini itaishika gari kwa ajili yako na mguu wa breki utabaki na akiba. Na kile kitendo cha kutia nyutro ili kubana mafuta, hata ukimwona dereva mkongwe anakifanya, usikiige. Gari iliyo kwenye nyutro mteremkoni imebakiwa na breki tu.

Alama ya watoto ndiyo ninayoigombania zaidi darasani, kwa sababu maana yake inabadilika kwa saa. Zipo skuli zetu zenye mikondo miwili, asubuhi na mchana. Saa tatu asubuhi unaweza kupita mbele ya skuli usimkute hata mtoto mmoja. Kiasi cha saa sita na nusu mkondo mmoja unatoka na mwengine unaingia, na barabara nzima ni sare na mikoba. Alasiri wanakwenda chuoni kusoma Kurani, na huko hawapiti penye alama, wanakatiza popote. Bati ni lile lile, mwanangu, lakini wewe lisome pamoja na saa yako.

Na zitazame gari za abiria. Zile dala dala zetu za mbao, abiria hupandia na kushukia nyuma. Mtoto akishuka anakuwa tayari yuko mgongoni mwa gari, na wewe unayekuja kwa mbele humuoni hata kidogo. Atatokeza kichwa kwanza kukimbilia ng'ambo kwao. Nikimfundisha mtu, tukikuta dala dala imesimama, namwambia achungulie chini yake. Kati ya tairi utaona viatu. Viatu vikielekea barabarani, simama. Unaifuata dala dala kwa nyuma? Usiipite mpaka iondoke. Dakika moja haitakukosesha kazi. Mwezi wa Ramadhani ongeza jengine: nusu saa kabla ya Magharibi kila mtu anaikimbilia futari, na mwendo unaouona barabarani wakati huo si wa kuuiga.

Alama ya ng'ombe wageni huicheka. Sisi tunamfunga ng'ombe kando ya barabara ale majani, na kamba yake ni ndefu. Usimtazame ng'ombe, itazame kamba imelala upande gani. Nimeona kamba imekatiza lami yote, ng'ombe kulia na kigingi kushoto, na kijana wa bodaboda anakuja akiwa ameshughulishwa na simu. Akishavuka ng'ombe, subiri. Huenda ndama yuko nyuma. Ukija Unguja ukapita Jozani kwenda Paje, utakuta matuta ndani ya msitu penye alama za kima. Yaliwekwa kwa sababu gari zilikuwa zinawaua kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu. Wachache walioko msitu wa Ngezi, Pemba, hapo karibu na Konde, walipelekwa miaka ya 1970. Kima hupita kwa kundi. Mmoja akivuka mbele yako, hesabu kuwa wenzake wako juu ya mti wanakuangalia. Na huko huko kuelekea Paje na Jambiani utakutana na mtalii kwenye pikipiki ya kukodi aliyezoea kuendesha upande wa kulia kwao. Akishtuka hukimbilia upande aliouzoea, yaani upande wako. Huyo hana alama, ila na yeye mhesabu.

Gari yenye mistari ya mawimbi nyuma ya tairi ni utelezi. Ukiiona katikati ya kiangazi utaipuuza, nami sikulaumu sana. Iogope siku ya mvua ya kwanza. Kwa wiki kadhaa lami imekusanya mafuta ya magari, vumbi na vipande vya mpira wa tairi. Matone ya mwanzo yanavichanganya, yanakuwa kama sabuni. Robo saa hiyo ya manyunyu ni mbaya kuliko saa nzima ya masika yenyewe, ambayo inaosha. Baada ya hapo tazama udongo mwekundu unaoteremshwa na maji kutoka kwenye kingo; ukiwa umetanda kwenye lami, usikanyage breki juu yake.

Pembetatu yenye alama ya mshangao peke yake, mimi ndiyo naiheshimu kuliko zote. Maana yake kuna hatari ambayo haikupatikana picha ya kuichorea. Na ukiona pembetatu ambayo ndani ni ya njano badala ya nyeupe, mara nyingi barabara iko kwenye matengenezo: alama ni ya muda, na hali iliyokuwepo jana asubuhi inaweza isiwe ile ya jioni unaporudi.

Tufike kwenye hatari zisizo na alama, ambazo kwetu si chache. Bati hupauka kwa jua na chumvi, hufunikwa na majani, hugongwa likalala, au mtu akaliona linafaa kuzibia banda la kuku. Hapo watu wana alama zao wenyewe, na mtihani hauziulizi. Ukikuta matawi mabichi yamelazwa kwenye lami, mafungu mawili matatu yaliyoachana, kuna gari imeharibika mbele na pengine mtu amelala chini yake anaitengeneza. Matawi hayo yahesabu kama pembetatu. Ukiwaona madereva wanaokuja wanakupigia taa mchana, kuna kitu nyuma yao. Msimu wa karafuu ukiona majamvi yameanikwa ukingoni, hapo pana mama amechutama anazigeuza, na watoto wako karibu naye, na wote wamekupa mgongo. Taa nyekundu za dala dala ya mbele zikiwaka pahala ambapo huoni sababu, pana tuta. Madereva wa njia ile wanalijua kila moja kama wanavyojua milango ya nyumba zao. Usiku zifuate nguzo za umeme kwa jicho, mara nyingi huonyesha barabara inakopindia, ingawa zipo zinazokata moja kwa moja shambani na kukuacha kwenye kona peke yako. Zichukue kama uvumi.

Wanafunzi huniuliza pia kwa nini wanakaririshwa alama ya treni ilhali hatuna treni. Jibu la kwanza ni kuwa ukivuka kwenda Dar es Salaam utaikuta. La pili ni kuwa tulikuwa nayo: reli ya kutoka mjini Unguja hadi Bububu ilianza 1905 na ikafungwa zamani. Na la tatu nalisema kwa kupenda historia tu. Mwaka 1909 mataifa yalipokutana Paris kukubaliana alama za magari, walianza na maonyo manne peke yake: kona, njia panda, barabara isiyo sawa, na kivuko cha treni. Ukiyatoa ya treni, matatu yaliyobaki ndiyo yale yale yanayokusumbua wewe leo baina ya Wete na Chake.

Zoezi lako ni hili. Kwa wiki moja, kila safari, sema kwa sauti unachokiona na mguu unafanya nini. "Kona kushoto, sioni mwisho, naachia mafuta. Skuli, saa sita na ushei, mguu juu ya breki. Kilele, sioni ng'ambo, nakaa kushoto kwangu." Utajiona kama uliyerukwa na akili, na ukiwa na abiria watakucheka. Waache. Ulimi hauwezi kutaja kitu ambacho jicho limekiruka, kwa hivyo utajijua wapi unaendesha huku umelala. Wanafunzi wangu wengi hujigundua kuwa hawavitazami vioo kabisa.

Kuhusu anayekupigia honi: honi si alama, na breki zako hazimhusu. Usiongeze mwendo kwa ajili yake, wala usimkanyagie breki kumkomoa. Ukipata pahala pananyooka na pana nafasi, tia indiketa ya kushoto, sogea, mpishe. Lakini usimwashie indiketa ya kulia kumwambia "pita", kama wafanyavyo wengine. Wewe unamwambia njia ni salama, yeye anaweza kufahamu kuwa unakata kulia, na akigongana na mtu, ile taa ni yako.

Na hilo tuta la karibu na skuli, lisilo na rangi wala kibao, usiishie kuniandikia mimi. Pima kwa hatua kutoka lango la skuli mpaka lilipo, piga picha mchana na usiku, kisha mpelekee sheha, kiongozi wa mtaa wenu, pamoja na mwalimu mkuu wa skuli, ili barua ya kwenda kwa wanaohusika na barabara itoke kwao na si kwako peke yako. Kwa sheha uende asubuhi mapema, kabla hajateremka shamba.